Mpatanishi wa Korti Hashiki Rungu

Hebu tuulizane, msomaji. Je, ni familia ngapi unazozijua ambazo hazijuliani hali kwa sababu ya ploti? Ukiwa mkazi wa Mwiki, upande ule wa Ruiru, hutahitaji kwenda mbali kupata jibu. Mzee alinunua kipande chake cha futi 50 kwa 100, akajenga vyumba vya kupangisha, akawalea wanawe kwa kodi hiyo. Siku alipoaga dunia, ndugu waliokula sahani moja wakaanza kuandikiana barua kupitia kwa mawakili.

Kesi ya namna hiyo ikifika kortini inaweza kuzeeka humo. Leo wakili ni mgonjwa, kesho faili halionekani, mwezi ujao hakimu amehamishwa. Wakati huo nyumba zinavuja, wapangaji hawajui wamlipe nani, na mama mjane ananyong'onyea kwa mawazo.

Ndiyo sababu leo nataka tuitazame kazi moja ambayo wanafunzi wengi hawajaisikia wanapojaza fomu za kuchagua taaluma. Marekani, katika jimbo kama California, wapo makamishna wa korti wanaowapunguzia majaji mzigo kwa kusikiliza madai madogo na mambo ya familia. Hapa Kenya, anayekaribiana nao ni mpatanishi wa korti.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 159, iliziagiza mahakama zikuze njia nyingine za kumaliza mizozo, zikiwemo upatanishi, usuluhishi na mbinu za kijadi. Mwaka 2012 Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ilirekebishwa ili kuundwe kamati ya kuwaidhinisha wapatanishi. Aprili 2016 mpango huo ulianza kwa majaribio katika korti za Milimani, Nairobi, kwenye vitengo vya familia na biashara. Tangu hapo umesambaa hadi korti nyingine nchini.

Utaratibu wake si mgumu. Faili hupitiwa na naibu msajili. Akiona kesi inafaa, huipeleka kwa mpatanishi aliyeidhinishwa, naye hupewa siku 60 kuimaliza.

Sasa mpatanishi hufanya nini? Kwanza tujue asichokifanya. Hatoi hukumu. Hamwambii mtu, "Wewe umekosa." Yeye huwaketisha mezani, kila mmoja akasema yake bila kukatizwa, kisha akipenda huzungumza na kila upande faraghani. Yanayosemwa humo ni siri, na hayawezi kutumiwa kama ushahidi iwapo mazungumzo yatavunjika na kesi kurudi kwa hakimu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kifungua mimba anakusanya kodi ya vyumba vya Mwiki na hagawii mtu. Dada yake aliyeolewa anaambiwa hana fungu. Mama anaogopa kufukuzwa. Mbele ya hakimu, kila mmoja atamwaga matope. Mbele ya mpatanishi mwerevu, huenda ikajulikana kwamba kijana huyo amekuwa akilipa mkopo uliojenga vyumba vya nyuma, na hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Hapo pana njia: alipwe deni lake kutokana na kodi kwa muda fulani, kisha kodi igawanywe, na mama abaki nyumbani kwake maisha yake yote. Wakikubaliana, hutia sahihi. Mkataba huo hupelekwa kortini na kuwa amri kamili, na haukatiwi rufaa.

Lakini msomaji, hapo ndipo penye mtihani wa kazi hii. Amani inaweza kununuliwa kwa haki ya mnyonge. Ami wakali wakiingia chumbani, mjane anaweza kutikisa kichwa akubali lolote ili mambo yaishe. Binti anaweza kunyamaza kwa kuogopa kuitwa mkorofi, ingawa Sheria ya Urithi haimbagui mtoto wa kike na wa kiume. Mpatanishi hana rungu la kuwapigia meza, wala haruhusiwi kumpendelea mtu. Lazima ajue kutofautisha ndiyo ya moyoni na ndiyo ya woga, awape watu muda wa kumwona wakili, na akiona vitisho asimamishe mazungumzo, faili irudi kwa hakimu. Atakayeshindwa na hilo atakuwa amefunika jipu kwa kitambaa cheupe.

Kwa kijana anayeivutiwa na kazi hii, si lazima uwe wakili. Walimu, wahasibu, viongozi wa dini na wataalamu wa ushauri nasaha wamo. Kinachohitajika ni mafunzo ya upatanishi, kisha kuidhinishwa na kamati ile. Anayependa kuamua mwenyewe yupo pia na njia yake. Korti za madai madogo, zilizoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021, huongozwa na waamuzi ambao ni mawakili wenye tajriba ya angalau miaka mitatu. Hizo hushughulikia madai yasiyozidi Sh1 milioni, nazo zimewekewa siku 60.

Na wewe mzazi uliye na ploti, usingoje mpatanishi. Waite wanao ungali na nguvu, uwaonyeshe hatimiliki iliko, uandike wosia mbele ya mashahidi. Na kama maji yamekwisha kumwagika, mwulizeni wakili wenu au karani wa korti kama kesi yenu inaweza kupelekwa kwa mpatanishi. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.