Si Kila Dawa Yamfaa Kila Mgonjwa

Katika mdahalo wa muhula huu, mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alisema kwamba kupima damu ili kuchagua dawa ya saratani ni mambo ya matajiri, na sisi yatutosha kuomba dawa zenyewe. Alipigiwa makofi mengi. Mimi sikupata nafasi ya kusimama siku ile, kwa hiyo namjibu hapa.

Baba yangu mdogo aliugua saratani ya utumbo mpana. Kwa muda mrefu aliona damu chooni akanyamaza kwa haya, akidhani ni bawasiri. (Wazazi mnaosoma gazeti hili, tafadhalini, haya ya namna hiyo tuiache.) Alipokwenda hospitali maradhi yalikwisha fika katika ini. Tuliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba tukanunua dawa. Kama zilimfaa au hazikumfaa, mpaka leo hatujui. Alifariki mwaka jana, nami niko hapa bwenini.

Ziko dawa zilizotengenezwa kulenga mahali maalumu katika seli ya saratani. Panitumumabu ni mojawapo: huziba mlango ambao seli hupokelea amri ya kukua. Lakini jeni ziitwazo RAS zikiharibika, amri hutoka ndani kwa ndani, na kuziba mlango hakusaidii kitu. Mgonjwa hupata vipele na gharama, basi.

Sasa, seli za saratani zifapo hudondosha vipande vya DNA katika damu, na vipande hivyo vyaweza kusomwa. Hivyo daktari hujua hali ya jeni ilivyo leo, bila kumkata mgonjwa nyama tena. Nasema leo, kwa sababu saratani hubadilika. Dawa ikiachwa kwa muda, zile seli sugu huweza kupungua, na dawa ile ile ikafaa tena!

Huko Italia, katika uchunguzi uitwao CHRONOS uliotangazwa mwaka 2022, walipimwa damu wagonjwa 52 ambao dawa za jamii hii ziliwahi kuwafaa kisha zikashindwa. Watu 16 walionekana bado wana jeni zinazoipinga dawa, nao hawakupewa. Waliopewa walikuwa 27, na uvimbe ulipungua sana kwa 8. Mtasema 8 ni wachache. Kweli, lakini mimi nawatazama zaidi wale 16 walioepushwa na dawa ya bure.

Tajiri akinunua dawa isiyomfaa, ng'ombe wake wangali zizini. Sisi je? Najua kipimo chenyewe ni ghali na chataka mitambo na mafundi. Hata hivyo naona serikali inaponunua dawa za namna hii, inunue na kipimo chake pamoja, hata kama dawa zitapungua idadi.

Mwenzangu wa Kidato cha Tatu akitaka kunijibu, mdahalo ujao nitakaa mstari wa mbele.