Nyota ya Kijerumani Katika Sweta la Idd

Baridi ya Nyeri mwezi wa Juni haina mzaha. Mtu wa pwani aliyezoea kikoi na kanzu nyepesi huko huwa kama kuku aliyenyeshewa, na hata udhu wa Alfajiri humtaka moyo. Kwa hivyo sikushangaa sana, nilipomtembelea dada yangu aliyeolewa Majengo ya Nyeri, siku chache kabla ya Idd ya Kuchinja ya mwaka 2025, kuona kwamba nguo ya Idd iliyokuwa ikishughulikiwa nyumbani mle haikuwa kanzu bali sweta.

Mfumaji alikuwa binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, naye alimfumia ndugu yake mdogo. Lililonishangaza ni kilichokuwa mbele yake juu ya mkeka: jarida kuukuu la Kijerumani, Burda, toleo la Desemba, alilolipata sokoni Karatina alipokwenda kutafuta nyuzi za sufu. Ndani mlikuwa na watoto wa Kizungu wenye mashavu mekundu, kulungu, misonobari, na theluji tele, nyingi kuliko iliyosalia leo juu ya Mlima Kenya.

Binti huyu hajui Kijerumani hata cha kumwamkia mtu. “Mjomba,” aliniambia, “hapa wameandika ‘re’, na hapa ‘li’. Nilitazama picha, nikajaribu, nikafumua, nikajaribu tena. ‘Re’ ni mshono wa uso, ‘li’ ni wa mgongo.” Akaendelea kufuma bila hata kuniangalia.

Sisi tuliopita chuoni twaijua hali hiyo. Twaliandika ubaoni kwa wino wa masizi, tukafuata herufi kwa kidole, na maana ikatufikia baada ya miaka mingi. Silinganishi jarida la nguo na Kitabu, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba jicho na mkono huweza kutangulia, ulimi ukafuata baadaye.

Habari ya sweta ilifika barazani baada ya sala ya Asri. Mzee mmoja akauliza, na sauti yake haikuwa ya utani: nguo ya Krismasi itavaliwaje siku ya Idd? Ndugu msomaji, usimcheke mzee huyo. Katika miji ya mlimani, Nyeri, Karatina, Nanyuki, Waislamu ni wachache, na sikukuu yao hutambulikana kwa kanzu na kofia kabla haijatambulikana kwa jambo jingine. Hayo yakienda, mtoto atajijuaje asubuhi ya Idd katikati ya umati ambao siku hiyo hauna habari naye?

Hata hivyo, mzee hakuwa ameliona sweta lenyewe. Binti alikuwa amewaacha kulungu na misonobari katika karatasi yao. Alichokitwaa ni nyota ya ncha nane, aliyoipanga safu kifuani. Na alama ya ncha nane ndiyo itiwayo katika misahafu mingi kuonyesha robo ya hizbu. Mafundi wa Kiislamu wameichora tangu zamani kwa chokaa, kwa mbao na kwa vigae. Mjerumani naye ana yake, wala hakuna aliyemwibia mwenzake.

Nasi wa pwani tusijitie usafi. Leso tunazojivunia, hata jina lake latokana na Kireno. Zamani zilipigwa chapa Uholanzi, Uingereza, India na Japani, zikaletwa kwetu kwa meli. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, wenye “Mali ya Abdulla”, lilianza 1887, na tangu hapo mabibi zetu wamevaa nguo iliyotoka ng'ambo, wakaifanya yao kwa kuiandika maneno ya kwao. Hakuna aliyeitwa Mholanzi kwa kujifunga leso.

Mimi kinachoniuma si kwamba binti amefuata jarida la Kijerumani. Chaniuma kwamba hakuwa na la kwetu la kufuata. Aenne Burda alianza kulitoa jarida lake Offenburg mwaka 1950, na tangu 1952 akalitia karatasi za vipimo ndani yake, ili mke wa mtu yeyote mwenye sindano aweze kushona nyumbani kile anachokiona pichani. Akili yenyewe ilikuwa hapo, katika ile karatasi. Ndiyo iliyoiwezesha nguo kusafiri mpaka Karatina bila mkalimani.

Kofia ya Lamu, inayoshonwa kwa mkono kwa miezi, tundu kwa tundu, ina karatasi gani? Mkeka wa miyaa, nani ameupigia hesabu ya ukili wake? Vitabu vya wataalamu vipo, vya kuwekwa makabatini. Ruwaza ya kumwezesha msichana wa Nyeri kushona mwenyewe, kwa Kiswahili, gazetini, mimi sijapata kuiona. Na kiondo cha akina mama wa Kikuyu na Kikamba, kilichouzwa sana Ulaya na Marekani miaka ya 1970 na 1980, viwanda vya Asia viliweza kukiiga kwa mashine na kukiuza rahisi. Wageni walikaa wakahesabu mafundo. Wenyewe tulikibeba tu sokoni. Huko Nanyuki kipo chama cha akina mama kilichoanza 1977, wanaosokota sufu kwa mkono na kuifuma, na kazi yao yapendeza, lakini elimu ya namna hiyo hupita mkononi hadi mkononi, na mkono mmoja ukizikwa umekwenda nayo.

Magazeti yetu, pamoja na hili, hutenga kurasa nzima kwa kandanda. Kila kabla ya Idd tungeshindwa kutoa nusu ukurasa wenye miraba, nakshi moja ya kofia, na jina lake kama wanavyoliita washonaji wenyewe? Makumbusho ya Lamu yapo, na washonaji wangali hai. Mhariri na akatae kwa hoja.

Niliyasema hayo kwa dada yangu usiku, juu ya chai ya tangawizi. Binti akanyosha mkono: “Basi lete kofia yako, mjomba.” Akafungua daftari la hesabu lenye miraba, akachonga penseli, akaanza kuhesabu matundu kutoka ukingoni. Kufikia Isha alikuwa hajamaliza hata robo ya duara. Nilikwenda msikitini na kitambaa kichwani, katika baridi ile, na kofia ikalala juu ya Burda.