Gemu ya Kutisha ya Hanang? Freshi Tu, Ila Marehemu wa Katesh Waachwe Wapumzike

Kila mtu mjini anaijua Jenga, ile gemu ya vipande vya mbao mnavyopanga mnara halafu mnachomoa kimoja kimoja. Wachache wanajua kwamba jina lenyewe ni Kiswahili, na kwamba aliyeibuni, Leslie Scott, ni mzaliwa wa Tanganyika aliyeitambulisha London mwaka 1983. Mwaka 2005 ikatoka Marekani gemu ya kutisha inaitwa Dread, inayochezwa kwa mnara huohuo. Mmoja anasimulia, wengine wanaigiza wahusika. Unataka kulikimbia zimwi? Chomoa kipande. Mnara ukianguka, mhusika wako kafa.

Neno letu, biashara ya wengine.

Ndiyo maana dogo wa Mbulu au Hanang akisema anataka kutunga gemu yake ya namna hii, asichekwe. Haihitaji kompyuta ya mamilioni wala studio. Inahitaji daftari, dadu, washkaji wanne na usiku mrefu. Wacheze, wakikwama kwenye sheria afute, aandike upya, wacheze tena. Ikikaa sawa anaipanga kwenye PDF, anaiuza mtandaoni, au anachapa nakala chache stationery na kupokea hela kwa simu. Ila ajue kitu kimoja: hakimiliki inalinda maandishi na michoro yake, hailindi wazo. Kwa hiyo auze ladha ambayo mtu wa mbali hawezi kuiiga.

Na ladha ipo ya kumwaga. Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake, mawingu yakiushika huoni kitu. Kuna Ziwa Basotu, kuna Balangida yenye chumvi, kuna msitu wa Nou na baridi ya Mbulu inayoingia mpaka kwenye mifupa. Wairaqw wana simulizi za neetlaangw, viumbe wa kwenye chemchemi na mito. Wadatoga wana zao, Wahadzabe wa Yaeda Chini wana zao. Halafu mtu anakaa Katesh anaandika gemu ya vampaya wa Ulaya! Jamani.

Sasa kuna mistari miwili isiyovukwa.

Wa kwanza: tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Hanang vikaifunika Katesh na vijiji jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Wapo wanaoweza kuona hapo "stori kali" tayari. Hapana. Kuna watoto Katesh ambao mvua ikinyesha usiku hawalali. Kuwageuza mama zao kuwa mizuka ya kuchezea dadu sio ubunifu, ni kukosa utu. Mlima unaweza kutisha bila kuwafufua waliozikwa juzi.

Wa pili: bibi mwenye macho mekundu. Tanzania hii vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, na macho hayo mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka na miaka. Watu wenye ualbino nao wamekatwa viungo kwa imani hizohizo. Gemu inayowafanya hao ndio zimwi inarudisha mezani uongo ulioua watu. Atakayegeuza kibao, zimwi likawa ni lile kundi linalokuja usiku na mapanga na wachezaji wakapewa kazi ya kumficha bibi mpaka asubuhi, huyo ametunga kitu cha kutisha kweli. Hapo hakuna jini hata mmoja, na bado utalala taa ikiwaka.

Wazee wasibezwe pia. Kabla ya kuchapa simulizi za chemchemi, dogo akae na babu, aulize kipi kinasemwa na kipi hakisemwi, na jina la aliyemsimulia liwekwe kitabuni akiridhia. Mauzo yakija, babu apate chochote.

Woga tunao, hadithi tunazo. Wadau mnasemaje, mngecheza gemu ya Hanang au bado mnasubiri iletwe kutoka nje? Komenti ziko wazi.