Berlin Ina Timu Mbili: Moja Ilimwagiwa Pesa, Nyingine Ilijengwa na Mashabiki

Vijana wetu wengi, kuanzia Vanga hadi Lamu, wanaijua ligi ya Uingereza kama wanavyoijua mitaa yao. Lakini Waingereza wenyewe wako wanaopanda ndege kwenda kutazama mpira Ujerumani, kwa sababu huko tiketi ni nafuu na uwanja una uhai. Kwa nini iwe hivyo? Jibu twaweza kulitafuta Berlin, mji mkuu wenye klabu mbili kubwa zilizopita njia tofauti kabisa.

Tuseme mgeni amekwenda kuwatazama Union Berlin. Atashuka kwenye treni kituo cha Köpenick, mashariki mwa mji, kisha atatembea pembezoni mwa msitu pamoja na watu waliovaa skafu nyekundu. Uwanja wao, An der Alten Försterei, si mkubwa. Unachukua watu 22,000 hivi, na zaidi ya 18,000 kati yao husimama mwanzo hadi mwisho. Viti havifiki 4,000. Nafasi ya kusimama ni ya bei rahisi, na nyimbo zinaanzia hapo. Muislamu akienda ajue mapema kwamba bia inauzwa wazi na soseji nyingi ni za nguruwe. Hilo ni lao, lakini lisitufanye tukose kuona yaliyo na manufaa.

Mwaka 2008 uwanja huo ulikuwa umechakaa na klabu haikuwa na uwezo wa kuujenga upya. Mashabiki zaidi ya 2,000 walijitokeza kufanya kazi bila malipo, wakachanganya zege na kubeba vyuma. Saa walizojitolea zilihesabiwa kuwa takriban 140,000. Mwaka 2011 klabu iliuza hisa za uwanja kwa wanachama wake, kila hisa euro 500. Union ilipanda ligi kuu, Bundesliga, kwa mara ya kwanza mwaka 2019, na msimu wa 2023/24 ilicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, kundi moja na Real Madrid.

Sasa mgeni huyo avuke mji aende magharibi, Olympiastadion, uwanja wa Michezo ya Olimpiki ya 1936, unaochukua watu zaidi ya 74,000. Hapo ni nyumbani kwa Hertha. Kuanzia 2019 mfanyabiashara Lars Windhorst aliingiza katika klabu hiyo euro milioni 374, akiota kuifanya moja ya klabu kubwa za Ulaya. Matokeo yake? Makocha wakawa wanabadilishwa kama mashati, na mwaka 2023 Hertha ikateremka daraja. Wakati huo jirani yake aliyejengewa uwanja na mashabiki alikuwa anajiandaa kwenda Ulaya.

Tusidanganyane kwamba pesa haina kazi. Union nayo ina wafadhili na hununua wachezaji. Tofauti iko kwenye swali la nani mwenye kauli. Ujerumani ina sheria inayoitwa 50+1, iliyopo tangu 1998. Klabu yaweza kuuza hisa kwa mwekezaji, lakini wanachama lazima wabaki na nusu ya kura na moja juu yake. Ndiyo maana Windhorst, pamoja na mamilioni yake yote, hakuweza kuinunua Hertha ikawa mali yake. Mwaka 2022 wanachama walimchagua Kay Bernstein kuwa rais wa klabu, mtu aliyewahi kuwa kiongozi wa mashabiki wa jukwaani.

Nguvu hiyo ilionekana tena hivi karibuni. Desemba 2023 klabu 24 kati ya 36 za madaraja mawili ya juu zilipiga kura ligi imuuzie mwekezaji sehemu ya mapato ya matangazo kwa miaka 20. Mashabiki wakaanza kurusha mipira ya tenisi uwanjani. Mechi ya Hertha na Hamburg, Februari 2024, ilisimama zaidi ya nusu saa. Kabla ya mwezi huo kwisha, ligi ilikuwa imeachana na mpango huo.

Wako wanaosema sheria hii inadumaza ushindani, na wana hoja. Bayern Munich ilichukua ubingwa mara 11 mfululizo, 2013 hadi 2023. Aliyekuja kuivunja minyororo hiyo ni Bayer Leverkusen, klabu ya kampuni ya dawa, iliyoruhusiwa kuwa nje ya 50+1. Kwa hivyo sheria haigawi vikombe sawasawa. Inachokilinda ni haki ya shabiki kuulizwa.

Na ligi iliyozoea kuwasikiliza watu huenda hata na mgeni huwa na subira. Ramadhani ya 2022, mechi ya Augsburg na Mainz, refa aliusimamisha mchezo kwa muda ili beki Moussa Niakhaté afuturu. Hilo lilitufurahisha wengi.

Turudi kwetu. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965. Leo kijana wa Majengo ukimtajia Feisal atakuuliza ni nani. Bandari inasimama kwa sababu ina Mamlaka ya Bandari (KPA) nyuma yake. Timu zetu nyingi za mtaani husubiri mwanasiasa alete jezi wakati wa kampeni, na akishapita uchaguzi, mpira nao hupasuka.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Timu ya mtaa haihitaji euro milioni 374 ili kuanza. Inahitaji orodha ya wanachama, ada ndogo ya kila mwezi, hesabu zinazosomwa mbele ya watu, na mkutano wa kila mwaka wa kuchagua viongozi. Mfadhili akija baada ya hapo, akaribishwe kama mgeni wa heshima, na funguo za nyumba zibaki na wenyewe.