NANI MLINZI WA NYAYA ZA BAHARINI?

Jumapili ya tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika ya Kusini, na mawasiliano ya Tanzania yakazorota siku ile ile. Ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam uliufungia umma milango kwa siku mbili. Ikiwa taifa kubwa lilifunga mlango, mwenye duka wa Kariakoo angefanya nini?

Waya wa simu ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, nao ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza. Na Waingereza hao ndio walioonyesha kwamba kukata waya ni silaha. Tarehe 5 Agosti, 1914, vita ikiwa haijatimiza siku moja, meli yao ilizikata nyaya za Wajerumani.

Leo twasikia habari nyingi za wapelelezi na manowari. Hatusemi hawapo. Lakini kinachokata nyaya mara nyingi zaidi ni nanga na nyavu za kukokota. Mwezi Februari, 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikakata waya wa TEAMS. Februari 2024 meli ya Rubymar ilipigwa kombora katika Bahari ya Shamu; ikachukuliwa na maji huku ikiburuta nanga, na inaaminika nanga hiyo ilikata nyaya tatu. Kombora lililenga meli, wakaumia watu walio mbali kabisa na vita ile.

Basi twasema wazi. Mahali palipokatazwa kutia nanga pawe na boti ya doria, si alama kwenye ramani tu. Nahodha mzembe ashtakiwe. Na serikali za Afrika Mashariki zichange fedha zipate meli yao ya kuunga nyaya, maana meli za namna hiyo ni chache duniani na nyingi ni za makampuni ya ng'ambo. Ni ghali, ndiyo. Kukaa gizani nako ni ghali.

Lakini mvuvi asionewe. Mkataba wa 1884 wasema kwamba mwenye chombo aliyejihadhari, akapoteza nanga au nyavu ili asiharibu waya, atalipwa na mwenye waya. Ni wavuvi wangapi wa Bagamoyo na Kilwa waliokwisha elezwa haki hiyo? Makampuni yaanze kwa kwenda pwani kuwaeleza.