Ilani ya Mella: Mtandao Usigeuzwe Silaha

Sisi wachuuzi, madereva wa trela, waendesha bodaboda, mawakala wa forodha na wa pesa za simu, wa Tororo na wa Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, tumekutana Mella na kukubaliana jambo moja: hakuna serikali, yetu au ya ng'ambo, yenye haki ya kuugeuza mtandao silaha ya kumpigia raia. Jina la harakati hii bado tunalibishania. Wateso wana lao, Jopadhola wana lao. Ilani haingoji jina.

Atakayeuliza mtandao unatuhusu nini, aje mpakani asubuhi. Mama anavusha mahindi, analipwa kwa M-Pesa upande wa Kenya, wakala anambadilishia kuwa shilingi za Uganda, naye anamlipa mwenye gari. Mtandao ukilala katikati, mnunuzi anaonyesha simu yake, "Nimetuma, mama, angalia," na wakala anatikisa kichwa. Gunia limeshaondoka. Jioni mama anarudi nyumbani na deni la usafiri.

Tarehe 27 Julai 2023 Kenya ilionja. eCitizen, iliyokuwa ikibeba huduma zaidi ya 5,000 za serikali, ilishambuliwa. Kununua tokeni za stima kukawa taabu, M-Pesa ikasumbua, serikali ikalazimika kuwapa wageni viza baada ya kuwasili. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai ni kazi yake, eti Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Kufuli halikuvunjwa. Mlango ulijazwa wateja wa uongo hadi wa kweli wakakosa pa kupita, kama mtu angepanga trela tupu elfu moja mpakani pale Malaba. Februari 2024 kundi hilohilo likadai kushambulia kampuni za simu za Uganda. Oktoba mwaka huo Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani, mmoja wa miaka 22, mwingine 27.

Ikiwa vijana wawili wanashtakiwa kwa hayo, dola yenye bajeti na jeshi je? Juni 2017 programu ya uharibifu iitwayo NotPetya ilirushwa Ukraine. Marekani na Uingereza zililitaja jeshi la Urusi, Urusi ikakana. Lakini programu ile haikujua mpaka: iliikwamisha kampuni ya meli ya Maersk, na trela zikapanga foleni nje ya bandari kule New Jersey. Madereva wale hawakuwa na ugomvi na Ukraine. Foleni ya namna hiyo tunaijua sisi.

Tulipofika kwa serikali zetu wenyewe, mkutano ulichemka. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi, Uganda ilizima mitandao ya kijamii pamoja na pesa za simu. Januari 2021 ikazima intaneti kwa siku kadhaa, na wengine wetu tukapanda vichuguu na laini za Kenya, tukitafuta mnara wa ng'ambo. Baadhi ya wazee walisema hilo si shambulio, ni amri ya serikali. Tumewasikiliza kwa heshima na tumewakatalia. Mwenye gunia haoni tofauti.

Tunaambiwa upo Mkataba wa Malabo wa usalama wa mtandao (Malabo, si Malaba, ingawa Malaba ndiyo inayouhitaji zaidi). Umoja wa Afrika uliupitisha 2014, ukaanza kufanya kazi tarehe 8 Juni 2023, wiki saba kabla ya eCitizen kuangushwa. Rwanda ilikuwa kati ya nchi 15 zilizokuwa zimeuridhia. Kenya na Uganda hazikuwamo. Tena mkataba wenyewe hauizuii dola kuishambulia nyingine.

Kwa hiyo tunataka Jumuiya ya Afrika Mashariki iandike itifaki yake: nchi mwanachama isiguse umeme, hospitali, forodha wala pesa za simu za nchi nyingine, wala isiwazimie watu wake mtandao. Na forodha za Busia na Malaba ziweke vitabu vya karatasi na mihuri tayari, na maofisa wafundishwe kuvitumia, ili mfumo ukilala trela ya nyanya isilale nao. Hili la pili halihitaji marais kukutana. Linahitaji kabati na ufunguo.

Tutakutana tena Mella Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Taarifa italetwa kwa mdomo na kwa bodaboda. Njoo na nauli ya noti mfukoni.