Ndinga ya Staa Si Ferrari, Sawa. Sasa Fundi Wake Ni Nani?

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni ingawa wafuatiliaji wameshamjua, kawavuruga watu Insta kwa picha tatu na video moja fupi. Kaegemea ndinga nyekundu ya kizamani, pua ndefu, kiti kimekaa chini karibu na lami, ubavuni nembo ya farasi. Maelezo yake yalidai ni Ferrari ya 1962, urithi wa familia. Hadi asubuhi komenti zilikuwa zimegeuka vita: mashabiki wanamwaga moto na mataji, wanaojua magari wanacheka hadi machozi.

Waliocheka wana haki. Gari linaloigwa pale ni Ferrari 250 GTO, na zilitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964. Kila moja ina namba yake na historia yake imeandikwa: ilishindana wapi, imepita mikononi mwa nani. Mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani California kwa zaidi ya dola milioni 48. Hakuna ya 37 iliyosahaulika chini ya turubai uani kwa mtu Sinza.

Ila wengi walicheka kwa sababu zisizo na kichwa. Eti usukani upo kulia, basi feki. Hapana, GTO chache zilitengenezwa na usukani wa kulia. Wengine walisema rangi imeng'aa mno kwa gari la umri ule, kana kwamba gari la mamilioni ya dola halipigwi rangi upya. Na farasi ndo kabisa hathibitishi kitu upande wowote, maana nembo inanunuliwa dukani. Gari lililoundwa kwa mkono halisomwi kwa vitu vya kubandika. Linasomwa kwa vile ambavyo aliyeliunda alishindwa kuvibadilisha, au aliviacha kwa sababu kuvibadilisha ni gharama.

Na hapo kwenye komenti walikuwepo watu wanaojua kusoma. Kwenye video boneti inafunguliwa kwa sekunde chache tu, staa akijua zinatosha kuonyesha chuma kinachong'aa. Zikatosha pia kuhesabu. GTO ina injini ya V12 ya lita 3, na juu yake kabureta 6 za Weber. Pale zinaonekana kabureta 2, na injini yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Matairi nayo yakasema: GTO inavaa rimu za spoku zinazobanwa na nati moja kubwa katikati, hii ina nati 4 kila rimu kama gari la kawaida. Kisha mtu akavuta picha karibu kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini, akaonyesha namba ya chesisi inayoanza na HS30.

HS30 ni Datsun 240Z yenye usukani wa kulia. Mjadala wa asili ya lile gari ungeweza kuishia hapo.

Kuigeuza Datsun Z ifanane na GTO si jambo geni. Marekani ziliuzwa seti nzima za bodi za faiba kwa kazi hiyo, pua mpya na mkia mpya, huku milango na kioo cha mbele vikibaki vya Datsun kwa kuwa kutengeneza kioo kipya ni kazi ngumu. Ndiyo maana wajanja wa magari haya hutembea na sumaku mfukoni. Bodi ya GTO ni ya aluminiamu, sumaku haishiki popote. Kwenye gari la seti, sumaku inashika milangoni na kwenye paa la chuma, ikifika puani inateleza na kuanguka.

Lakini hili la staa halionekani kuwa la seti, na hapo ndo utamu ulipo. Faiba ikitoka kwenye kalibu, kushoto na kulia vinafanana. Kwenye picha ya pili, matundu matatu ya hewa upande wa dereva hayajaachana sawa na yale ya upande wa abiria. Tofauti ni ndogo, ya mtu aliyepima kwa futi kamba na kumalizia kwa jicho. Taa za nyuma ni zile za duara za trela, ambazo duka lolote la spea Kariakoo linazo. Yaani kuna mtu hapahapa mjini alikata bati, akaligonga nyundo, akachomelea, akapaka puti, akapiga msasa, akarudia tena na tena mpaka Datsun ya miaka ya 70 ikapata mgongo wa Ferrari unaowapoteza maelfu ya watu kwenye simu. Ile ni kazi ya mkono, na ni kazi safi.

Na staa kalificha hilo. Kwa nini?

Kwanza kaficha Datsun yenyewe, gari lenye heshima Afrika Mashariki kuliko Ferrari yoyote. 240Z ilishinda East African Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikarudi kushinda 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, Mkenya mzaliwa wa Uganda. Ilishinda kwenye vumbi na matope ya huku huku. Angeandika hivyo tu, wazee wanaoikumbuka Safari ya enzi zile wangemfuata mpaka nyumbani kuomba picha.

La pili ndilo zito zaidi. Gari likishaitwa la Italia, fundi wake hayupo. Angalia picha zilezile: mshonaji wa koti katajwa, kinyozi katajwa, mpiga picha katajwa na alama ya moyo juu. Aliyekesha na gesi na nyundo hayumo. Mteja mwingine aliyeipenda ile pua hana pa kumpata. Na ni staa huyuhuyu aliyewahi kulalamika hadharani kwamba wimbo wake umetumiwa kwenye tangazo bila jina lake kutajwa. Watu walimtetea, na walikuwa sahihi kumtetea.

Wanaomtetea safari hii wanasema ni kiki tu, burudani, haimuumizi mtu. Hao wangekumbuka tamthilia ya Miami Vice. Ile Ferrari Daytona nyeusi ya msimu wa kwanza ilikuwa Corvette iliyovalishwa bodi. Ferrari walipochukia, waliyemfikisha mahakamani ni mtengenezaji wa zile bodi. Tamthilia yenyewe ilipewa Testarossa mbili za kweli, na gari la kuiga likalipuliwa mbele ya kamera mwaka 1986. Mwenye jina alipata gari jipya, mwenye nyundo akapata kesi. Na Ferrari hawajalegea tangu hapo: mwaka 2019 mahakama moja ya Bologna ilikubali kwamba umbo la 250 GTO ni kazi ya sanaa inayolindwa. Datsun iliyochongwa upya na fundi wa Dar, ikijitambulisha kwa jina lake, ni kitu cha kujivunia. Ikibandikwa farasi na mwaka wa uongo, atakayekuja kuulizwa ni nani alibandika. Staa atanyoosha kidole gereji.

Kama fundi mwenyewe ndiye aliyetaka asitajwe, hiyo ni hiari yake. Lakini anayetaka kufichwa haandikiwi urithi wa familia, anaachwa tu kimya.

Juzi usiku maelezo ya picha yalibadilishwa. 1962 imefutwa, urithi umefutwa, farasi kabaki. Jana asubuhi komenti zikafungwa. Moja ya mwisho kuingia ilitoka kwenye akaunti isiyo na picha, yenye wafuasi 41. Haikutukana wala haikucheka. Iliuliza kama mlango wa kushoto bado unagoma kufunga gari likipigwa jua, na ikashauri bawaba ya chini ilegezwe kidogo. Haikujibiwa.